Trekta Iliyoitikia Jina la Nyabuto

Jumatatu, 1 Februari 1971

Plagi nimeisugua kwa brashi ya waya mpaka inang'aa kama jino la bibi harusi. Oili nimebadilisha. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi tii. Chujio la petroli nimelifua kwa petroli yenyewe, maana maji hayaoshi petroli. Hilo hata mafundi wa Kisii mjini hawalijui mpaka niwaambie. Grisi kwenye ekseli. Bolti za plau nimekaza zote. Mbuzi yuko tayari kwa msimu.

Namwita Mbuzi kwa sababu trekta kubwa za Wazungu ni ng'ombe, na hii yangu ni ndogo. Pistoni moja, kiti cha chuma, gurudumu linanifika gotini. Mzungu mmoja wa Sotik alikuwa akilimia bustani ya mkewe. Alipoondoka baada ya uhuru aliniachia. Matundura, jirani yangu, husema niliiokota kichakani kuku wakitagia ndani. Kuku walikuwepo, sikatai. Lakini Mzungu alinipa kwa mkono wake, na alivua kofia. Spea zake hazitengenezwi tena popote duniani. Gasketi nakata kwa ngozi ya ng'ombe. Ringi za pistoni nilizifua mwenyewe kwa chuma cha reli, na reli yenyewe nilikwenda kuivunja kwa mikono. Mimi sikufika darasa la sita lakini Mbuzi hajui hilo.

Mke wangu Bosibori husoma Ekegusii tu. Ndiyo maana hapa naandika Kiswahili.

Kimepungua kitu kimoja, mtu wa kitini. Hendeli ya kuwashia iko mbele, mkono wa mafuta uko nyuma karibu na kiti. Mmoja azungushe, mwingine akae juu aongeze mafuta akisikia naita. Kazi hiyo ilikuwa ya Nyabuto, mwana wa marehemu kaka yangu. Kijana mrefu, mkono mwepesi, aliyenifuata mimi akili. Alikwenda kuchuma chai upande wa Kericho, na tangu mvua za mwaka juzi hatujapata neno lake. Mwaka jana nilifunga mkono wa mafuta kwa kamba. Mwaka huu pia nitafunga. Si sawa na mtu.

Jumatano, 3 Februari

Jambo baya limetokea na nimelifanya mimi.

Kwetu shamba la nyumba ya kwanza ndilo hufunguliwa kwanza, wengine wafuate. Nyumba ya kwanza ni ya shemeji Kerubo, mjane wa kaka yangu, mama yake Nyabuto. Watu walikuja kutazama kama kila mwaka. Nikawaambia wasogee nyuma, Mbuzi huruka. Hajawahi kuruka, lakini watu hupenda kusogezwa.

Nikazungusha. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya.

Matundura, mtu asiye na hata baiskeli, akasema, "Mokaya, mbuzi wako ana njaa. Mletee majani."

"Achinjwe tu," akasema mwingine. "Tunywe supu."

Mimi sichekwi. Nikapangusa uso nikawaambia Mbuzi si mbovu, ni mtoto mchanga anayelilia jina. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliokufa katika ukoo, moja moja. Likitajwa lile linalomnyamazisha, basi ndilo jina lake. Marehemu amejitambulisha. Watu wakacheka sana, nikaona nimewapata. Nikazungusha nikimwita baba yangu. Kimya. Babu. Kimya. Nikamwita kaka yangu. Kerubo akatabasamu, akasema, "Huyo usingizi aliupenda, shemeji. Saa hizi hawezi kuamka." Nikamwita hata yule bibi aliyekufa kwa nyuki. Kimya.

Mkono ulikuwa umechoka. Nikajikaza mara nyingine, na mdomo ukaita wenyewe kama ulivyozoea miaka yote, "Nyabuto, mafuta!"

Mbuzi akawaka hapo hapo.

Hakuna aliyecheka. Kerubo alikuwa na karai la mbegu kichwani. Alilishusha chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaenda nyumbani. Mbegu akaziacha.

Nikakimbia kukata moto. Mbuzi hakuzima. Aliendelea kupiga polepole, pu, pu, pu, kama mtu anayemalizia maneno yake. Sababu naijua. Masizi ndani ya injini yakiwa mekundu huiwasha petroli bila plagi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi. Lakini masizi huwa mekundu injini ikiwa moto sana. Hii haikuwa imepata hata joto la chai.

Leo sikulima.

Alhamisi, 4 Februari

Wanawake wamekaa na Kerubo tangu asubuhi. Hawalii. Wamekaa tu.

Bosibori hakunisalimu. Wakati wa kula akasema, "Umemwita mwana wa watu katika foleni ya wafu." Nikamwambia mdomo uliteleza. Akasema, "Mdomo wako kila siku unateleza. Jana ndio umemwangusha mtu."



Ijumaa, 5 Februari

Nimefungua injini yote. Magneto, ile inayozaa cheche za plagi, nimeitoa, pointi zake nimezipiga msasa. Moto kwenye plagi ni bluu, unaruka kama kiroboto. Petroli inafika. Pumzi ipo. Ukiziba tundu la plagi kwa kidole gumba, kidole kinarushwa. Moto, petroli, pumzi. Injini yenye vitu hivyo vitatu lazima iwake. Nilikwisha washa injini moja Sotik kwa waya wa uzio na mate, na ile haikuwa hata na kabureta.

Haikuwaka.

Matundura alikuja kuzungusha. Ana mikono ya kubeba magunia. Hapana. Nikamwambia aende nyumbani. Alipofika mbali, nikazungusha nikasema jina kwa sauti ya chini.

Ikawaka mara moja. Nikazima upesi. Safari hii ilizima.

Jumamosi, 6 Februari

Sabato. Sikushika spana. Mzee wa kanisa aliomba sana juu ya ebirecha, mizimu ya wazee, kwamba Mkristo hana shughuli nao. Hakunitaja. Lakini aliomba macho wazi na alikuwa akinitazama.

Kerubo hakuja kanisani.

Jumatatu, 8 Februari

Nimemvuta Mbuzi kwa maksai mpaka chini mtoni, mahali ambapo hakuna mtu. Ukungu ulikuwa mzito, maksai niliwaona vichwa tu. Nilitaka kujua kwa hakika.

Nikaita wafu wote wa ukoo wetu. Kimya. Nikaita wafu wa ukoo wa mke wangu. Kimya. Nikaita majina ya watu walio hai, chifu, Matundura, mwalimu wangu wa darasa la pili aliyenipiga bila sababu. Kimya. Nikaita jina langu mwenyewe, halafu nikajuta. Nikangoja nikiwa nimeshika hendeli. Kimya, Mungu asifiwe.

Nikaita Nyabuto. Ikawaka.

Jina likarudi kutoka ng'ambo ya mto. Ni mwangwi, ule upande una mwamba. Lakini mwangwi ukiita hurudi pale pale. Huu ulichelewa. Nilikuwa nimekwisha zima injini, nimekwisha pangusa mikono, ndipo ukaja.

Sikumaliza kufunga minyororo vizuri. Nimepanda kilima nikiwa mbele ya maksai.

Nimepigana na chui mimi. Watu wa Birongo wanajua. Leo niliogopa.

Jumatano, 10 Februari

Tuliitwa kwa Mzee Ongeri, mdogo wa baba yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa. Habari ya Ijumaa imetoka. Matundura hakuwa amefika mbali kama nilivyodhani. Alisikia.

Mzee Ongeri akasema mtu aliyekufa ugenini bila kuzikwa hutafuta mlango wa kurudi. Nyabuto ameupata mlango katika chuma changu. Kwa hiyo azikwe. Maiti haipo, basi ukatwe mgomba, shina livikwe blanketi, lilazwe kaburini kwa jina lake. Atulie. Na nyumba ya kaka yangu isiandamwe.

Hapo nikasimama. Wote tunajua upande wa pili wa jambo hilo. Mtu akizikwa kwa mgomba akiwa hai, hana kwao tena. Siku atakayotokea njiani na mfuko wake, watamfukuza kama mzimu. Mama yake mwenyewe hatamfungulia. Watu hao wamekwisha onekana huko na huko, wanazeekea sokoni.

Nikasema lilikuwa kosa langu. Mdomo ulizoea kumwita, basi.

Mzee Ongeri akanitazama kwa huruma. "Mokaya, tangu lini wewe unakosea? Umetuambia miaka yote kwamba hukosei."

Wakacheka kidogo, hata pale.

Kerubo hakucheka. Akasema, "Nizikieni mwanangu nipate kulala. Tangu mwaka juzi naamka kila mlango ukilia."

Nikaomba tu niende kwanza huko kwenye chai nikaulize. Wakanikubalia. Mazishi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 12 Februari

Naandika katika kambi ya wachuma chai, mbele ya Kericho. Majani kila upande mpaka macho yanachoka. Nimemwuliza nyapara. Akasema jina hilo analikumbuka, mtu mrefu, aliondoka. Akanielekeza kwa Mluhya mmoja aliyekaa naye chumba kimoja.

Mluhya akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe ndio yule baba yake mdogo mwenye trekta?"

Nikasema ndiyo mimi.

"Ati unawasha injini kwa mate?"

Nikasema ndiyo. Akapiga makofi ya furaha. Nyabuto alikuwa akiwasimulia habari zangu jioni, hata ile ya chui. Aliongeza kidogo, nimeona, chui wamekuwa wawili.

Halafu akanieleza. Wakiwa kwenye majani asubuhi, Nyabuto alikuwa akisimama ghafla na kuitikia. "Naam." Hivyo tu, na kikapu mgongoni. Wenzake wakimwuliza nani anakuita, anasema ni nyumbani. Wakamtania, wakamwita Bwana Naam. Ikawa mara nyingi. Siku moja aliitikia, akashusha kikapu, akaondoka kwa miguu. Mshahara hakungoja.

"Alielekea wapi?" nikauliza.

Akanyoosha mkono. Ni kwetu.

"Lini?"

"Mwaka jana. Wakati huu huu wa kulima."

Mwaka jana wakati wa kulima mimi nilikuwa nazungusha hendeli kila asubuhi. Mkono wa mafuta umefungwa kamba, kiti kitupu. Na kwa mazoea nilikuwa naita, Nyabuto, mafuta. Kila asubuhi. Sikujua kama naita.

Kutoka hapa kwenda kwetu mtu mwenye miguu kama yake hufika upesi. Mwaka mzima umepita. Hakufika.

Jumapili, 14 Februari

Nimerudi. Nimewaambia aliondoka kambini akiwa mzima, na kwa miguu yake. Habari ya kuitwa sikuisema. Kerubo akauliza kama alikuwa amekonda. Nikasema amenenepa, ana koti zuri, ana akiba, wenzake wanamheshimu. Koti niliongeza mimi.

Hawakuamini hata lile la kweli. Nimewasimulia mengi mno maishani. Wakanisikiliza kama wanavyonisikiliza siku zote, kwa kichwa kuinama na midomo kubana.

Lakini njiani nilikuwa nimefikiri, na hili ni la kweli hata nikifa leo. Mbuzi hajui wafu. Mbuzi alikuwa akiwaka kwa jina lile mwaka jana wote na miaka ya nyuma yote, na hakuna aliyetambua, kwa sababu hatukuwa tumemjaribu kwa jina jingine. Hakumchagua Nyabuto juzi. Amemzoea, kama mbwa anavyozoea mluzi. Kwa hiyo si dalili ya kifo. Nikamweleza Mzee Ongeri hayo yote taratibu.

Akasema, "Basi kama ni mazoea, mwachishe. Alhamisi, mbele yetu, kabla shimo halijafukiwa, mwashe bila jina hilo. Akiwaka, ni chuma tu, na mtoto tunamngoja. Asipowaka tunazika."

"Nitamwasha," nikasema.

"Na utajaza maji mdomoni," akasema Mzee. "Tunakujua."

Jumanne, 16 Februari

Siku nzima juu ya injini. Kabureta imefunguliwa, jeti nimezipuliza moja moja. Pointi tena. Waya wa plagi mpya, niliununua Kisii mjini. Nimechemsha plagi, nimeiweka ikiwa bado moto. Hapana. Nimebana mdomo mpaka taya zinauma, maana nikiufungua tu jina linataka kutoka.

Mchana Bosibori akatoka jikoni na unga mikononi. Akapanda kitini, akashika mkono wa mafuta. Miaka yote hajawahi kumgusa Mbuzi. Nikazungusha. Hapana. Nikazungusha tena. Akashuka haraka, akajifuta nyuma ya gauni.

"Kiti kina joto," akasema.

Ukungu ulikuwa haujaondoka tangu alfajiri. Chuma chote kilikuwa na umande. Nikaweka kiganja kitini. Joto, kama pale mtu anapoinuka sasa hivi.



Alhamisi, 18 Februari



Shimo lilikuwa tayari. Mgomba ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umevikwa blanketi jekundu, na mtu fulani, sijui nani, alikuwa amelifunga blanketi upande wa kichwani vizuri kama unavyomfunika anayelala. Kerubo alikaa kando yake. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi. Watu wengi. Mzee wa kanisa alikuja, akasimama mbali, asionekane amekuja wala asionekane hakuja.

Matundura hakutania. Alinisaidia kumsukuma Mbuzi mpaka uwanjani. Akaninong'oneza, "Ndugu yangu, leo tu, usiwe na maneno."

Mzee Ongeri akaniletea kibuyu cha maji. Nikajaza mdomo, mashavu yakavimba. Akazunguka, akanitazama kila upande kama ng'ombe wa mahari. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Nikazungusha. Kimya.

Nikazungusha. Kimya. Ukungu ukawa unashuka kutoka upande wa Sironga, watu wa nyuma wakaanza kupotea. Nikasikia mtu akishika koleo.

Nikazungusha tena. Kimya. Kerubo hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama kiti.

Basi nikalisema. Moyoni, na maji mdomoni, ulimi haukutikisika. Sikulisema kwa mazoea. Nilimwita kama unavyomwita mtu aliye kilima cha pili na giza linaingia. Nyabuto, mafuta.

Akawaka.

Maji yote niliyameza. Hakuna aliyeona. Kelele ilipanda, wanawake wakapiga vigelegele, Matundura akanibeba na mimi si mwepesi. Mzee Ongeri akanijia, akanifungua mdomo kwa vidole vyake. Mkavu. Akauliza maji yako wapi. Nikasema nimeyatema kwa furaha. Akatazama chini. Ardhi yote ilikuwa na umande, hakuna ambaye angejua. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Ni chuma tu. Tunamngoja mtoto."

Shimo wamelifukia tupu. Mgomba wamewakatia ng'ombe. Kerubo alikunja blanketi akaenda nalo nyumbani, na baada ya muda moshi ukatoka jikoni kwake. Tangu ile Jumatano alipoacha mbegu hakukuwa na moshi pale.

Nilikata moto. Mbuzi akaendelea. Pu, pu, pu. Watu wakaenda zao wakizungumza, nami nimesimama. Alipiga mpaka mtu wa mwisho alipoingia nyumbani kwake, ndipo akazima.

Ijumaa, 19 Februari

Bosibori ameniuliza. "Ulisema nini kule moyoni jana?"

Nikasema nilisali.

Kisha akanipa chai.

Mtu mzima mimi, nimewadanganya watu juu ya kaburi. Kama ni kweli amekufa, nimemnyima mazishi na yuko njiani hajui aende wapi. Kama yu hai, nimemwokoa, na hakuna atakayejua. Sijui lipi. Hiyo ndiyo hali yangu. Nimezoea kujua kila kitu.

Matundura anapita akisimulia kwamba nilimwasha Mbuzi kwa maji ya kibuyu badala ya petroli. Ningekuwa nimeyasema hayo mwenyewe mwezi uliopita. Nimemwacha.

Jumatano, 24 Februari

Nalima. Shamba la Kerubo limekwisha, mbegu ziko ardhini. Wengine sasa.

Watu wanapokuwepo namwasha kwa jina la moyoni. Nikiwa peke yangu naliita kwa sauti, tena kwa nguvu, nimeelekea Kericho. Mtu aliyesikia akiwa kwenye chai atasikia popote. Kama yu hai atakuja. Kama hayuko hai, sijui ni nani atakayesikia, na hilo hunifanya nigeuke kutazama kiti kila nikimaliza kuita.

Leo nikiwa pembeni ya barabara ya Masimba niliita, na mahali fulani ndani ya ukungu mtu akasema, "Naam."

Nikaacha hendeli nikakimbia huko. Alikuwa mzee mmoja na punda wake, mgeni. Nikamwuliza kama ni yeye aliyeitikia. Akasema yeye hakusema kitu. Alidhani ni mimi.

Jumapili, 14 Machi

Mvua usiku, asubuhi kavu. Udongo ulikuwa mzuri.

Kerubo alinijia mapema, akasema anataka nisawazishe mahali pa nyumba ya Nyabuto. Kijana wa umri ule akirudi hawezi kulala nyumbani kwa mama yake, ni aibu, lazima akute nyumba yake. Amechagua mahali penyewe, upande wa juu, pakavu. Nikamwambia msimu ukiisha. Akasema akija kabla ya msimu kuisha atalala wapi?

Nikasawazisha. Niliondoa plau nikafunga ubao mzito nyuma, nikapitisha mara nyingi mpaka pakawa kama meza. Mbuzi alifanya kazi vizuri. Hakukohoa, na nilipomzima alizima.

Kerubo alileta vijiti, akavichomeka pembe zote. Akaniambia, "Mlango utatazama huku, aone njia." Kisha akasema yeye hana kipimo cha urefu. Mwanawe alikuwa kimo kimoja na mimi, au amenizidi kidogo. Akaniomba nisimame pale mlango utakapokuwa.

Nikasimama. Akanipima kwa kamba, kutoka unyayo mpaka utosini, akishikilia kwa vidole viwili. Alikuwa akihesabu kitu kimoyomoyo. Mimi huwa nasema mimi ni mrefu kuliko watu wote wa kilima hiki.

Sikujiinua kwa ncha za vidole. Nilikaza magoti tu, nikatulia, mpaka alipofunga fundo.